Siku Niliyompelekea Mwanangu Pasipoti Malaba

Sisi watu wa Busia tuna ugonjwa mmoja usio na dawa: hatuamini kwamba Uganda ni nchi nyingine. Utotoni nilikuwa nikitumwa chumvi ng'ambo kama mtoto wa kijiji cha Khunyangu anavyotumwa dukani. Ndizi za matoke tunanunua huko, harusi tunahudhuria huko, na jino likiuma tunang'olewa huko kama daktari wa huko ana foleni fupi. Mtu akikuuliza umepita na karatasi gani, unamtazama usoni kwanza ujue kama ni mzima. Kwa hiyo mwanangu aliposahau pasipoti nyumbani, akaenda Mombasa, akaendesha trela kutoka huko mpaka Malaba bila kuikumbuka, wengine walishangaa lakini mimi sikushangaa. Ni mtoto wa mpakani tu anayeweza kufunga safari ya nchi tatu akabeba kitambulisho, mafuta ya kujipaka na sufuria ya chai, akaona amemaliza.

Simu iliingia saa mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, nikiwa kwenye cherehani. Mimi ni fundi wa sare za shule katika duka moja pale Busia mjini. Mwenye duka ni mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka Yemeni akauza vitambaa, na mpaka leo vitambaa ndivyo vinavyowalisha. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Sketi za kijani za shule moja ya Sigalame zilikuwa zimenifikia kiunoni, na wazazi walishaanza kusimama mlangoni na nyuso za watu wanaodhulumiwa.

"Mama, uko kazi?"

"Niko. Umefika wapi?"

"Niko Malaba, kwa laini ya trela. Mama, pasipoti yangu nimeiacha huko kwa nyumba. Iko na kadi ya njano ya chanjo ndani yake. Nilidhani nimebeba."

Akanieleza upesi upesi. Alikuwa amebeba kontena la sabuni za kwenda Juba. Kufika Kampala kitambulisho kinatosha, lakini Juba huingii bila pasipoti, na wakala wa kampuni yao pale Malaba hukagua karatasi za kila dereva kwenye yadi yake kabla hajamruhusu kusogea mpakani. Wakala alikuwa amempa mpaka saa sita mchana. Ikifika saa sita na pasipoti haipo, trela ingeendeshwa na dereva wa akiba.

"Ameshaitwa," akasema. "Ameketi hapa na begi yake. Mzee mpole tu, lakini ameketi."

Hii ilikuwa safari yake ya kwanza peke yake. Miezi minane alikuwa dereva wa pili, anashika usukani dereva mkuu akilala. Kampuni ilimwambia wazi kwamba safari hii ndiyo mtihani. Akiimaliza atapewa trela yake, na akinyang'anywa njiani atarudi kukaa kiti cha kushoto, au atarudi nyumbani.

"Umeiacha wapi?" nikamuuliza.

"Sikumbuki, mama. Labda kwa kabati, labda kwa ile begi ya zamani. Tafuta tu, tafadhali."

"Nitatafuta," nikasema.

Sasa niseme ukweli, maana nikiuficha hapa nitakuwa nimeuficha mara mbili. Sikuhitaji kutafuta kitu. Pasipoti ilikuwa juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cheupe nilichokifuma mwenyewe, na niliijua ilipo tangu Jumapili. Mwanangu aliondoka Jumamosi kwa basi la Mombasa. Jumapili nikirudi kanisani nikaamua kufua vitambaa, nikakiinua kile cheupe, nikaiona. Nilikuwa na simu mkononi. Yeye alikuwa bado Mombasa akisubiri kupakiwa mzigo, na mabasi ya kupeleka kifurushi yanaondoka Busia kila jioni. Nikasimama pale kwa muda wa kuchemsha chai. Kisha nikarudisha kitambaa, nikakinyoosha vizuri pembe zote nne, nikaenda kupika.

Nilijiambia ataikumbuka mwenyewe. Nilijiambia pia kwamba asipoikumbuka, ni Mungu amesema. Watu wa kanisani tuna tabia ya kumsingizia Mungu mambo tuliyoyapanga jikoni.

Tangu mwanzo sikuitaka kazi ile. Nilimsomesha ukarani kwa sindano na uzi, akapata kazi nzuri ya kuandika stakabadhi katika duka la mbolea pale Amukura, kiti cha kuzunguka na feni juu. Akaiacha. Akaenda kuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori la kuzoa mahindi sokoni, akarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope. Baba yake, anayelima kwetu Sigalame na ambaye hufurahishwa na kila kitu kisichomgharimu usingizi, alisema, "Mwache. Lori si simba." Mimi sikumwacha. Nililia, nikanuna, nikaita shangazi zake wakaja wawili na kuku. Akawasikiliza kwa heshima, akala kuku, akaenda kutafuta leseni ya magari makubwa.

Hofu yangu ilikuwa barabara, na sioni haya kuisema. Sisi tunaokaa kando ya barabara kuu tunajua inavyokula watu. Lakini kulikuwa na jambo jingine chini ya ile hofu, na hilo naona haya. Nilichoka kuulizwa. Kila Jumapili mtu alinishika mkono mlangoni na kuniuliza kwa sauti ya matanga, "Na yule binti yako, bado anaendesha?"

Ndiyo maana kitambaa kilikaa pale siku tano. Na pengine kingekaa, kama mwanangu asingeongeza neno moja kabla ya kukata simu.

"Mama," akasema, "nimeshuka ule mteremko wa Salgaa peke yangu. Mzigo umejaa, mvua inanyesha. Breki hata hazikushika moto."

Hakulia. Ningejua la kufanya na kilio. Alisema kwa ile sauti ninayoijua kwa sababu ni yangu, sauti ya fundi aliyemaliza koti, akaligeuza nje ndani, akatafuta kosa akalikosa. Nikaona mguu wangu umeshatoka kwenye kanyagio la cherehani.

Tajiri wangu alikuwa kaunta akipima kitambaa kwa yadi. Nikamwambia mtoto wangu amekwama Malaba na ni lazima nifike kabla ya saa sita. Akatazama rundo la sketi, akatazama wale wazazi mlangoni, akavua miwani.

"Ni huyu wa trela?"

"Ndiye."

"Basi unangoja nini hapa? Leo Ijumaa, mchana mimi mwenyewe nafunga niende msikitini. Sketi zina Jumamosi na Jumapili yake. Mama, nenda, Mungu akufikishe."

Nikaenda nyumbani kwangu, mtaa wa Marachi, kwa miguu, nusu nikikimbia. Sikutazama kabati hata kidogo. Niliingiza mkono chini ya kitambaa kama mwizi anayejua nyumba. Kadi ya njano ilikuwa ndani yake kama alivyosema. Nikaitia pasipoti kwenye bahasha ya kaki, bahasha nikaitia kifuani chini ya blauzi, nikafunga leso juu yake.

Stejini nilikuta gari la Malaba limebakisha nafasi moja. Kondakta akanishika kiwiko kwa upole mkubwa. "Mama, wewe tu ndio tunangoja. Ingia twende." Nikaingia. Ndani watu walikuwa wametulia na mizigo mapajani, mmoja hata anapiga miayo ya safari. Nikashukuru Mungu. Baada ya kitambo akaja mama mmoja na kuku wawili, na yule mwenye miayo akashuka kumpisha. Akaja mzee na jembe jipya, akashuka mwingine. Nikahesabu walioshuka, nikageuka kuwatazama waliobaki, nao wakatazama dirishani.

Walikuwa abiria wa kukodi. Hukaa ndani ya gari ili lionekane limejaa, na mjinga wa kweli akiingia wao hushuka mmoja mmoja. Mchezo huu nimeuona tangu nikiwa msichana na nimewacheka wageni wangapi kwa ajili yake. Na siku hiyo mimi, mzaliwa wa hapa, nilikuwa nimekaa nao karibu saa nzima nikiwaombea safari njema.

Nilishuka na hasira zangu zote. Nikamwambia kondakta maneno ambayo sitayaandika, kwa Kiswahili na kwa Kiluhya, na mwenye kuku akanisaidia kwa Kiteso. Kondakta hakukasirika. "Pole mathe, ni kazi tu," akasema, akamshika kiwiko mwingine. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Pikipiki zilikuwa zimepangwa ng'ambo ya barabara. Vijana wote walinikimbilia, lakini macho yangu yaliangukia mzee mmoja aliyebaki ameegemea yake, kofia ngumu kichwani imefungwa mpaka kidevuni, koti la mvua limefungwa vifungo vyote. Nikaenda kwake kwa sababu alionekana mtu asiyeweza kudanganya hata akilipwa.

"Yoga, mama," akanisalimu kwa Kiteso.

"Yoga. Unanipeleka Malaba? Lakini mbio. Nikichelewa saa sita mtoto wangu anapoteza kazi."

"Malaba nakupeleka. Hiyo mbio ndiyo sina." Akanipa kofia ya pili, akaikaza mwenyewe. "Nilianza na baisikeli, mama, hapa hapa border. Miaka thelathini nafikisha watu. Sijawahi mwangusha mtu."

Nilitaka kushuka nichukue kijana. Nilikuwa bado nataka tulipopita njia ya Alupe na lori la mchanga likatupita, na tulipofika kwenye mihogo iliyoanikwa kando ya lami akaizunguka yote kwa adabu, kipande kwa kipande, kana kwamba ni watu waliolala. Nilikuwa nikimsukuma mgongoni kwa magoti bila kujua. Kisha tukakuta gari dogo limesimama kando, tairi limetoka, abiria majanini. Miongoni mwao alikuwamo mama wa kuku, na mzee mwenye jembe. Walikuwa wameondoka baada yetu, wakatupita kwa kishindo mimi nimefumba macho, na sasa walitupungia mkono. Mwenda pole hajikwai, mama yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nikimjibu kwamba mwenda pole hafiki. Nikaacha kumsukuma yule mzee kwa magoti.

"Huyo mtoto wako anafanya kazi gani?" akaniuliza, akipunguza mwendo zaidi ili asikie jibu.

"Anaendesha trela. Leo anapeleka Juba."

"Kijana?"

"Msichana."

Akapunguza gia moja. "Trela ya magurudumu ishirini na mbili?"

"Ndiyo hiyo."

Tulipoingia kituo cha mafuta akamwambia aliyeshika pampu, "Huyu mama unaona hapa, binti yake anaendesha trela. Anapeleka Juba." Mwenye pampu akanitazama kutoka viatu mpaka kofia. Mbele kidogo akampungia mwenzake mwenye pikipiki iliyobeba magunia ya karanga. "Mama ya dereva wa trela!" akamwambia kwa Kiteso, nami Kiteso cha kiasi hicho ninakisikia. Akawaambia wauza maembe. Akamwambia polisi aliyetusimamisha kutazama leseni, na polisi akamrudishia leseni bila kuifungua.

Jumapili ngapi nimewahi kuikwepa sentensi hiyo mlangoni mwa kanisa. Na sasa mtu nisiyemjua alikuwa akiitangaza barabara nzima, nami sikumnyamazisha. Nilikaa wima nyuma yake, nikanyoosha leso, na tulipofika penye watu nikaona ninangoja aseme.

Nataka nilieleze hili vizuri, kwa sababu wengi hufikiri fahari ya mzazi huja siku ya mahafali, na kofia na picha. Yangu ilinikuta juu ya pikipiki iendayo pole, na ilikuja ikiwa imeshikana na aibu, nisijue ipi ni ipi. Kila mara yule mzee alipomsifu mwanangu, bahasha ilinichoma kifuani. Alikuwa akimpigia makofi mama aliyeificha.

Malaba huiona kwa trela kabla hujaiona kwa nyumba. Zinatoka upande wa Bungoma, zimepangana kando ya barabara kilometa na kilometa, na madereva wamefanya makazi katikati yake. Mmoja anapika ugali kwenye kivuli cha matairi, mwingine ameanika shati kwenye kioo cha pembeni. Mzee wangu alinipeleka kando ya foleni, mimi nikiangalia kila dirisha. Nilimpigia mwanangu, simu yake ikawa imezimika. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano.

Tukasimama kwa dereva mmoja mnene aliyekuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo cha gari lake.

"Kaka, natafuta trela ya mwanamke."

"Yule binti wa sabuni?" Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimepigwa pasi. "Keshaingia yadi ya wakala, mama, lile geti la kijani kule mbele. Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

Akaushusha wembe. "Basi hongera, mama. Jana pale mteremko wa Webuye bomba langu la upepo lilipasuka, breki zikakaza, nikafunga njia nusu. Wamenipita wanaume kumi wakinipigia honi. Yeye akasimama mbele, akaweka matawi barabarani, akaja na mpira na waya, tukalifunga pamoja. Mikono yake inajua kufunga kitu kikafungika. Nilimuuliza kajifunza wapi, akasema kwa mama yake."

Mzee wa pikipiki ndiye aliyejibu kwa niaba yangu, "Ndiyo huyu," kisha akawasha.

Kwenye geti la kijani askari alininyooshea kiganja. "Mama, wauza chakula ni nje. Yadi hairuhusiwi."

"Siuzi chakula. Mimi ni mama wa dereva."

"Dereva gani?"

"Yule mwanamke."

Akaniangalia, akaangalia mzee wa pikipiki, naye akaitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama shahidi mahakamani. Geti likafunguliwa. Mzee akakataa kuingia. Akasema yeye atangoja pale pale, maana aliyempeleka mtu ndiye anayemrudisha.

Yadi ilikuwa nyembamba, ukuta pande tatu. Trela ilikuwa imeingia ikaijaza, kichwa karibu na ukuta, geti likibaki ubavuni. Sikuwahi kuiona karibu. Gurudumu lake lilinifika kifuani. Mwanangu alikuwa amesimama kando ya mlango wa kichwa cha gari, suruali ya kazi, nywele zimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha kijani nilichokijua rangi yake. Mbele yake alikuwa wakala na faili kwapani, na mzee mwenye ndevu nyeupe aliyeshika begi mkono mmoja na funguo mkono mwingine. Saa sita ilikuwa haijafika, lakini funguo zilikuwa zimeshahama.

"Bado dakika kumi na mbili," mwanangu alikuwa akimwambia wakala, kwa utulivu.

"Dakika kumi na mbili za nini, dada? Mizigo inangoja. Mzee, panda tu."

"Hatapanda," nikasema.

Wakageuka wote. Nikageukia ukuta, nikafungua leso na vifungo viwili, nikatoa bahasha. Ilikuwa na jasho langu. Wakala aliifungua, akapindua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akaikunjua kadi ya njano akaiinua juani. Nilimwangalia kama ninavyomwangalia mzazi anayepekua mshono wa sketi yangu akitafuta uzi. Hakuupata. Akaandika kitu kwenye faili. "Iko sawa," akasema.

Mzee mwenye ndevu akamrudishia mwanangu funguo kwa mikono miwili. "Afadhali," akasema. "Ningeenda, kazi ni kazi. Lakini gari ya mtu ameitoa Mombasa na mvua yote hiyo, kuichukulia hapa ningeona vibaya." Akaniambia mimi, "Umezaa dereva, mama," akaokota begi lake akaenda zake.

Mwanangu akanishika mabega, akacheka, akaniuliza kama nimekula. Ningeweza kuyaacha hapo. Kila mtu alikuwa ameridhika, nami nilikuwa shujaa wa yadi nzima. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imenifikisha mwisho wake, mbele ya macho yale.

"Ile pasipoti niliiona Jumapili," nikasema. "Chini ya kitambaa cha kabati. Nikaifunika."

Alikuwa ameshachukua tambara afute kioo cha pembeni. Mkono ukasimama.

"Jumapili?"

"Jumapili."

"Nilikuwa bado Mombasa."

"Najua."

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi, juu ya barabara, juu ya matanga niliyoyaona, juu ya yale maswali ya kanisani. Hata moja halikuja. "Niliogopa," nikasema. "Na bado naogopa."

Alifuta kioo mpaka kikang'aa, akahamia cha upande wa pili akakifuta nacho, na mimi nikabaki nimesimama juani nikingoja nipewe ninachostahili. Wakala akapiga makofi kwamba gari litoke. Ili litoke ilibidi lirudi nyuma kwanza, karibu kabisa na ukuta, ndipo likate kona kuelekea getini. Wanaume wanne waliokuwa wamelala kwenye kivuli wakaamka kwa ajili hiyo tu. Mwanamke akirudisha trela nyuma, kila mwanamume Malaba huwa mwalimu.

"Leta, leta! Kata kulia!" mmoja akaanza, injini hata haijawaka.

Mwanangu akapanda, akafunga mlango, akatoa kichwa dirishani. "Nyinyi nyote mkae kando," akasema. "Mama, enda usimame pale kwa ukuta, kwa ile kona, nikuone kwa kioo. Wewe peke yako. Ukiona nakaribia sana, inua mkono. Ukiinua tu, nasimama."

"Mathe ataweza?" mmoja akauliza.

"Ataweza. Kupima ndiyo kazi yake."

Nikaenda. Nilisimama konani, mgongo ukutani, mahali ambapo uso wake ulinijia mdogo ndani ya kioo. Injini ikawaka, ardhi ikatetemeka mpaka kwenye magoti. Kile kitu chote, nyumba nzima ya chuma iliyojaa sabuni, kikaanza kurudi nyuma upande wangu. Mkia ukaenda kulia, nikadhani utagonga, ukajinyoosha. Mkono wangu wa kulia ulitaka kwenda juu wenyewe. Nilijua nikiuinua hata kidogo atasimama. Alishaniahidi, na yeye hasemi asichofanya. Trela ikaja. Ikafunika jua, ikafunika geti, ikabaki kioo tu na uso wake ndani yake, unanitazama mimi na si ukuta.

Breki zikapumua. Nikateremsha macho nikapima nafasi iliyobaki: shubiri mbili, na vidole vitatu juu yake. Mkono wangu ulikuwa bado chini.

Akakata usukani, akatoka getini, akaenda Juba.